Ninalo

Kila Jumatatu saa kumi na nusu namwambia mama mkwe
nakwenda kununua pampasi.
Naegesha gari nyuma ya supamaketi, upande wa mapipa ya taka,
hapana anijuaye ila paka wawili
na mlinzi Mbangali anayenipungia mkono kana kwamba tuko zamu moja.

Ibri, mwezi wa nane. Nyuzi arubaini na saba.
Injini naiacha ingurume, kiyoyozi kisizimike.
Mundhir kalala kiti cha nyuma, ngumi kazikunja,
kama aliyekuja duniani kunidai.
Simu naiegemeza kwenye usukani.

Picha hukwama kwanza. Kisha uso unakusanyika
kipande kwa kipande: paji, miwani, kidevu.
Bi Thuwaiba, yuko Salalah,
na nyuma yake dirisha la ukungu
na mvua ya khareef inayonyesha taratibu, kama inaomba radhi.

Siku ya kwanza aliniuliza, "Hujambo?"
Nikajibu, "Sijambo."
Akanyamaza. Mvua ikasikika.
"Hebu tuichambue hiyo salamu," akasema.
"Nimekuuliza kama huna jambo,
nawe umeniapia huna.
Sasa mbona umejificha garini?"

Nikacheka. Kicheko kikageuka njiani.

Kule nyumbani nimejibu kwa Kiarabu siku mia na kumi,
alhamdulillah, alhamdulillah,
wala sikuwa naongopa, shukurani ninayo,
lakini hata shukurani mtu huweza kuisukumia mlangoni
kama kabati, asiingie mtu.

Daktari wa kituo alipima damu, akapima presha,
akaandika vidonge vya madini.
Wifi akaleta supu ya uwatu.
Mama mkwe, kwa mapenzi, Mungu shahidi,
akanikataza kulia: maziwa yatachacha.
Basi machozi nikayaweka akiba
kama mchele wa Ramadhani.

Kiswahili ni cha kwa mama, kule Al-Khoudh,
cha kugombezwa na kubembelezwa na kuitwa ukaoge.
Hapa hakina wa kusema nacho.
Ila ndani yake tu
ndimo nilimobaki kuwa mtoto wa mtu.

"Ninalo," nikasema.
"Haya."
"Usiku nikimtazama mwanangu simwoni. Naona kazi.
Naona mdomo."

Nikangoja anikemee. Nikangoja aya, nikangoja astaghfirullah.
Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shela,
akaivaa tena ili anione.
"Endelea. Nipo."

Nipo.
Neno lilikata kilomita mia tisa za mchanga,
likafika limechelewa nusu sekunde,
na nusu sekunde ile
ndiyo niliyongoja kitu bila kukiogopa.

Sikupona siku hiyo. Mpaka leo sijapona.
Alinipeleka kwa daktari wa Nizwa, nikapata dawa,
usiku mmoja nikamwambia Qais nusu ya ukweli,
akakaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mkononi,
asijue akiweke wapi.
Kuna Jumatatu ambazo hatusemi kitu, mimi na Bi Thuwaiba,
namsikiliza mvua yake tu, naye anasikiliza kiyoyozi changu.
Wiki iliyopita Mundhir alipiga chafya,
nikasema, "Kua, baba,"
kabla sijakumbuka kwamba sihisi kitu.

Pampasi zimejaa kabati. Pakiti saba hazijafunguliwa.
Jana mama mkwe alisimama mbele yake, akazihesabu kwa kidole,
akanitazama, akaitazama simu yangu,
akaufunga mlango wa kabati polepole
kama mtu anayemfunika mgonjwa.

"Jumatatu," akasema, "pampasi tunazo.
Nenda kanunue chumvi.
Na foleni ikiwa ndefu, ingoje."