Mpaka Chokaa

Mwaka ule wa karanga, Kongwa,
kazi yangu ilikuwa kufuta.
Alfajiri, king'ora hakijalia,
msimamizi ananyoosha fimbo kwenye ukuta wa karakana:
"Huyo tena. Mfute."

Huyo: jitu la mkaa,
tumbo lake karanga yenye vyumba viwili,
kimoja kalala mwenyewe, cha pili kailaza saa yake.
Mnyororo wa saa unashuka, unazama ardhini,
unaibukia kwenye kifundo cha mtu mwembamba
asiye na mdomo.
Mchoraji hakumpa mdomo.

Senti kumi kwa ukuta. Nikafuta.

Kesho yake, mizani:
huku magunia yetu, kule kalio la mwenye kampuni,
na mshale unasema *bado*.
Kisha kile kifaru cha vita kilichofanywa trekta,
mbele kinatafuna visiki,
nyuma kinakunya stakabadhi.

Picha haikumuuliza mtu kafika darasa la ngapi.
Mgogo, Mbena, Mrangi, Mnyamwezi,
kila mmoja na jiko lake, kila mmoja na chumvi yake,
asubuhi hizo walicheka kicheko kimoja
na msimamizi akakiogopa kuliko nyoka.

Akatangaza shilingi ishirini kwa atakayemtaja.
"Nionyesheni vidole!"
Tukapanga mstari.
Masizi ya jikoni, grisi, makaa ya tanuri.
Nani pale hakuwa na vidole vyeusi?
Yeye.
Na mimi.

Siku ya pili nilijikuta ukutani.
Kijana na ndoo, brashi kubwa kuliko kichwa,
anampaka chokaa yule mwembamba, kaanzia miguuni.
Nilijijua kwa sikio lililotogwa.
Nami pia sikupewa mdomo.

Sitajisifu: nilijifuta.
Senti kumi nikapokea, nikanunua sukari.

Ila tangu hapo chokaa yangu ikawa nyepesi,
maji mengi, unga kiduchu,
na maji Kongwa, mwenzangu, hayakuwa ya mchezo.
Niliyaiba kwenye tangi la matrekta, usiku,
kopo kwa kopo.

Desemba mvua ikaja bila kubisha hodi.
Ukuta ukaanza kutoka jasho jeupe,
na chini yake wakarudi wote,
matumbo juu ya matumbo,
saa, mizani, kifaru, makalio,
mnyororo mmoja umepita katikati yao wote.
King'ora kikalia. Kikalia tena.
Hakuna aliyeinua jembe.

Chilongani, mchemsha chai,
mtu ambaye hata jina lake tulilisahau kwa ukimya,
akakinga mikono kwenye mvua.
Maji yakadondoka meusi, meusi, mpaka yakatakata.
Akatoa kipande cha mkaa kwapani, kikavu,
akakiweka kwenye kiganja changu cheupe.
"Mdomo nimekuachia wewe."

Nilikuwa sijawahi kuchora kitu.
Niliuchora kombo.