Njia Panda, Makambako

Nimebandika mstari mmoja juu ya msimbo,
kama chaki kwenye gunia:
ujumbe, ukifika usimsubiri mtu,
soma ulichobeba, ndipo ushike njia.

Bei ya viazi? Njombe, na Uyole pia.
Baridi ya kuunguza chai?
Mufindi, Rungwe, kila simu iliyo macho.
Lori limelala Kitonga:
waambie wote wanaongoja mbolea.

Sekela, blanketi hadi masikioni:
“Na usio na pa kwenda?”

Jana mmoja ulinirudia mara tatu.
Wa mama Ngailo, kwenda namba
ya mwanawe tuliyemzika Machi:
*Mahindi tumevuna. Yako nimeyatenga.*

Nikaongeza mstari:
ukikosa mlango,
gonga kwa dada zake wote.