Pale Lami Inapokatika

Gwasa kajikunja chini ya usukani,
miguu nje, ndala moja imechomoka,
tochi kaing'ata kama mbwa na mfupa wake.
"Zima redio," ananiambia,
kana kwamba anachokitafuta kinaweza kushtuka kikakimbia.

Tuko Mwandiga. Mvua imekatika sasa hivi.
Gereji ni mabati manne na kreti la soda,
nimekalia kreti, namweleza mara ya tatu
habari ya Jumanne:

nilivyoteremka Nyarubanda na kisanduku cha chanjo,
nimekifunga mkanda kiti cha mbele kama abiria,
udongo umelowa, unavutika kama mlenda,
nikakanyaga breki,
breki ikanijibu kwa kutetemeka,
trrr, trrr, trrr chini ya unyayo,
inashika, inaachia, inashika, inaachia,
kama mdeni anayekiri na kukana kwa pumzi moja.
Gari halikusimama.
Halikuteleza pia, niseme ukweli.
Lilikwenda tu, kwa adabu, limenyooka,
hadi katikati ya mihogo ya Nzikobanka.

"Akili yake ilisomea lami," anasema Gwasa, tochi ikingali mdomoni.
"Tairi likigoma kuzunguka, inaogopa, inaliachia.
Topeni, dada, tairi liache ligome!
Likwangue, lijirundikie udongo mbele
kama kuku anayetaka kutaga,
likae hapo."

Gari lenyewe la mwaka tisini na sita.
Lilikuwa la misheni, likawa la shirika la wakimbizi,
likawa la mnunuzi wa kahawa aliyefilisika, sasa letu.
Mlangoni, chini ya rangi yetu,
herufi za wale wa kwanza bado zinachungulia.

Anatoka na kitu kati ya vidole:
fyuzi nyekundu, ndogo kuliko ukucha wangu.
"Ndiyo hii tu?"
"Ndiyo hii tu."
Nikawasha. Taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi
na haikuzimika.
"Wengine huibandika plasta," akasema.
Nikamwambia aiache initazame.

Alhamisi nikashuka mteremko uleule.
Gia ya chini, mguu wote.
Krrrr.
Matairi yakaganda, yakalima, gari likakaa
hatua tatu kabla ya korongo.
Mtoto mwenye dumu la maji akasimama, akanitazama,
akaendelea na safari yake.
Nilitamani anipigie makofi.

Jioni narudi, lami ya Bitale inang'aa kwa mvua,
mbele yangu baiskeli na mikungu miwili ya chikichi,
mwenye baiskeli anakata kona bila kugeuka.
Nikakanyaga kama asubuhi.
Kimya.
Usukani ukawa pambo.
Gari likaanza kwenda ubavu, taratibu, bila kelele,
na mimi ndani yake kama mgeni.

Nilinyanyua mguu. Sijui nani aliunyanyua.
Nikakanyaga, nikaachia, nikakanyaga, nikaachia,
trrr ile ile, ila ya mama wa miaka hamsini,
nzito, yenye goti bovu.
Tukasimama. Mkungu mmoja ulikuwa umeanguka,
chikichi zimetawanyika hadi mtaroni.
Akaziokota moja moja, mimi nikimsaidia,
mikono yetu imekuwa ya machungwa kwa mafuta.
"Unakimbilia wapi," akaniuliza,
"na surua yenyewe inakwenda kwa miguu?"

Siku hizi fyuzi inaishi ndani ya kiberiti
pamoja na njiti mbili zilizobaki.
Lami inapokatika nazima gari, nainama, naichomoa.
Nikirudi, nazima gari, nainama, naichomeka.
Wauza ndizi wa pale wanadhani nasali.

Gwasa anasema atanifungia swichi, elfu kumi na tano,
nibonyeze tu, yaishe.
Bado sijampa jibu.
Elfu kumi na tano ni pesa,
na mgongo umeshazoea kuinama.