Vitabu Ishirini na Viwili na Nusu

Nimeviandika nyuma ya daftari la risiti,
hapa kituo cha mafuta, Barabara ya Outering,
kwa kalamu iliyofungwa kamba ili wateja wasiende nayo.
Mwaka mzima, zamu ya usiku,
kati ya gari na gari.

Cha Januari nilikiokota guniani, Tom Mboya,
shilingi hamsini, muuzaji akikipangusa
kama anayempangusa mtoto kamasi.
Hakikuwa na jalada wala jina.
Kwenye orodha nimekiita
Kile cha Mwanamke Anayehesabu Madirisha.

Cha pili kilinishinda, ukurasa wa sitini.
Nimekihesabu nusu
nisije nikawa mwizi mbele ya daftari langu mwenyewe.

Aprili mvua ilipiga bati usiku kucha,
maji yakapanda hadi pampu namba mbili;
nilisoma nimekalia kreti, miguu juu,
na hakuna aliyekuja kunikatiza.
Cha Juni nilikisoma mara mbili,
wiki ile mama amelazwa Kenyatta.
Wahusika wote wamenitoka.
Nakumbuka ukurasa niliokunja daktari aliponiita.
Ukunjo ungalipo. Sijaunyoosha.

Kila kimoja nimekipa tarehe, na bei, na neno:
Chumvi.
Polepole.
Sikuamini.
Hiki nilicheka, dereva wa lori akashuka kuuliza kulikoni.

Desemba nikainakili orodha kwa mwandiko mzuri,
nikaibandika ukutani, ghorofa ya tatu, hapa Umoja,
kando ya tangazo la maji: Jumanne na Ijumaa tu.
Sijui nilitaka nini.
Labda kujigamba kidogo.
Mtu akinunua televisheni, majirani huliona sanduku likipanda ngazi;
kitabu hupanda ndani ya mfuko wa sukuma,
na nani atajua?

Siku ya kwanza, kimya.
Siku ya pili mtoto alichora jogoo pembeni, jogoo mzuri, ana mkia.
Siku ya tatu Musembi, mtunza nyumba, akaandika kwa herufi kubwa:
UKUTA NI WA MWENYE NYUMBA.
Lakini hakuibandua.

Basi nambari kumi na moja.
Pale nilikuwa nimekiri:
kurasa za mwisho zimeng'olewa, sijui kama alivuka mpaka.
Chini yake, kwa penseli:
Alivuka. Nilikisoma nikiwa darasa la saba.
Chini ya penseli, kwa wino wa buluu:
Hakuvuka. Wewe ulisinzia.
Na chini ya wote, mwandiko wa haraka, wa hasira:
Jamani, nyamazeni, ndiyo kwanza nimekiazima!

Kumbe kipo kingine, chenye kurasa zake zote,
mahali fulani katika jengo hili,
nyuma ya mlango mmojawapo niupitao kila alfajiri
nikinuka petroli.

Khavere wa ghorofa ya nne alibisha hodi jioni,
watoto wawili wamemshika leso.
Hatujawahi kusemezana ila kuhusu kamba ya nguo.
"Naomba kile cha chumvi," akasema,
na akaniachia chake, kimefungwa gazeti
kama samaki wa kukaanga.
Sikuuliza kama ndiye wa wino wa buluu.
Mambo mengine mtu huyaacha yalivyo.

Leo asubuhi nimetoka zamu, macho mazito,
nikamkuta Musembi ngazini, ufagio kwapani,
anasoma orodha kwa kidole, mstari kwa mstari.
Karibu na jogoo pana maandishi mapya:
Musembi. Kimoja.
Hakunitazama.
"Hivi," akauliza ukuta,
"kama mtu hajamaliza, huhesabiwa?"

Nikamwonyesha mstari wa pili.