Kioo Cheupe

Kopo ni la halua, la bati, picha ya ngome imechubuka ubavuni.
Ghalib amelitoboa kwa msumari na ubishi:
matundu manne ya vitufe, moja la sauti,
na dirisha la kioo cha inchi tatu na nusu
kilichong'olewa garini mwa mtu huko Wadi Kabir,
kilichokuwa kikimwonesha dereva yaliyo mgongoni kwake.

Jana kilicheza. Leo cheupe,
cheupe pe, kanzu ya Ijumaa.
Mchezo unaendelea chini yake, twausikia:
nyoka anakula, anakula, anajigonga, anakufa,
nasi hatumwoni.

"Mama, kimekufa."
Hakijafa. Kilichokufa huwa cheusi.
Hiki kimefungua mdomo kikasahau neno.

Basi tukakaa sakafuni, Mabela,
saa nane ya mchana wa mwezi wa nane,
mita yangu ya kazini mapajani.
Volti tano zinaingia. Tano zinafika.
Utepe nimeuchomoa, nimeupangusa kwa spiriti, nimeurudisha.
Nimebonyeza pembe ya kushoto kwa kidole gumba:
mistari. Rangi ya waridi. Nusu ya nyoka.
Nimeachia:
weupe.

Biju wa Ruwi akatuuzia kingine, riyali mbili u nusu,
akaapa kwa lugha tatu kuwa ni kipya.
Kipya nacho kikacheza usiku kucha,
kikacheza asubuhi,
na mchana, ndani ya gari, nje ya lango la skuli,
kikageuka cheupe.

Hapo nikajua tumemfunga asiye na kosa.

Mama yangu hana habari na volti.
Anataka alama zake mia nne na kumi
alizozichuma saa sita za usiku akidhani tumelala.
"Mbona kwangu mie hakiharibiki?"
Kwako baridi, mama, chumba chako Ulaya.
Nikacheka.
Kisha nikaacha kucheka, nikaligusa kopo.

Moto.
Na bati likipata moto hujitutumua.
Nikafungua. Mkanda mweusi wa Ghalib umeteleza,
gundi imelainika, inavutika kama halua yenyewe,
na mgongo wa kioo, ule wenye vipini vingi vilivyo uchi,
umelala juu ya bati tupu.
Usiku wanaachana. Mchana wanagusana,
na wakigusana picha inakimbia.

Twataka kitu chembamba, kikavu, kisichopitisha umeme.
Karatasi inanyonya unyevu. Kadibodi nene, kifuniko hakifungi.
Mama akaingia chumbani, akakawia,
akatoka na kadi yake ya kwanza ya uraia,
plastiki, imekwisha muda Ghalib hajazaliwa:
sura ya msichana aliyekasirishwa na mpiga picha,
mahali pa kuzaliwa Wete,
herufi zimeanza kufifia.
"Chukueni. Lakini msinilaze kifudifudi."

Kulikuwa na waya mmoja niliouchomoa mwenyewe kwa pupa,
nikaulehemu. Ncha ya chuma ikagusa ukingo wa kopo
na sebule ikajaa zaafarani na samli,
Idi ya mwaka gani sijui,
Ghalib akameza mate.
Kadi ikaingia barabara, sura juu.

Tukaliweka juani, juu ya boneti, tukaingia ndani tukachungulia dirishani.
Dakika kumi. Ishirini.
Nikalitoa kwa kitambaa, bati halishikiki,
na nyoka yumo, kijani, kichwa na mkia,
anamfuata chakula wake pembeni.

Kioo cha kwanza kiko juu ya friji.
Biju hakitaki, wala hicho kingine hakirudishi fedha.
Kila nikipita nakitazama
kama jirani niliyemsingizia wizi.

Alama za mama zimefutika, hilo hatukulitibu.
Ameanza sifuri, miguu juu ya kochi,
anamlaumu Ghalib, Ghalib ananilaumu mimi,
na chini ya vidole vyake, asijionee,
msichana wa Wete amekaza ushungi,
anautenga umeme na bati.