Kila Baada ya Miaka Miwili

Kila baada ya miaka miwili barua huja,
bahasha nyeupe yenye kidirisha cha nailoni,
jina langu kwa herufi kubwa kama la mshtakiwa.
Itzel huibandika kwenye friji kwa sumaku ya ndizi.
Hasemi kitu. Hunitazama tu.

Gari ni la mwaka tisini na moja.
Lilitoka kiwandani pole kama kondoo;
mimi ndiye niliyelifunza utundu.
Nikalifunga tabo, nikalipanua koo,
nikalibadilishia pampu, plagi, ubongo,
mshahara wa miezi saba wa ghala la zabibu kavu.
Tabo na taabu, nimejua sasa, wamezaliwa tumbo moja.

Lakini sikufanya wizi. Hilo lieleweke.
Kila kipande nilikinunua na namba yake ya idhini,
nikalipa zaidi, nikatunza risiti,
na Delfino jirani akanicheka mpaka akakohoa.
Yeye kichujio chake cha asili
amekiviringisha blanketi, kinalala uvunguni
kama mgeni wa heshima:
huamshwa siku ya ukaguzi, hufungwa, husifiwa,
jioni hurudishwa kulala.

Fresno, Agosti. Saa nne asubuhi na lami inanata.
Milima iko mashariki, ramani inasema.
Mimi sijaiona tangu Mei.
Nimelikimbiza gari nusu saa barabara kuu,
gia ya tatu, ili kichujio kipate moto,
maana kichujio baridi ni shahidi mwongo.

Hrant Keledjian ana miwani mbili,
moja machoni, moja kipajini.
Hasalimii. Anachomeka bomba la kipimo nyuma.
Siri ya mtungi aijuaye kata,
na kata ya Hrant ina waya mrefu na kioo cha namba.
Magurudumu yanazunguka juu ya roli,
gari linakimbia bila kwenda popote:
maili kumi na tano,
maili ishirini na tano.
Nagundua nimebana pumzi,
kana kwamba mapafu yangu ndiyo yanayopimwa.

Ya kwanza imepita. Ya pili imepita.
Ya tatu, ile nitrojeni
iliyoniangusha safari iliyopita kwa alama kumi na mbili,
imepita, tena kwa mbali.

Nikataka kuruka. Hrant akainua kidole.
"Moshi umesema. Sasa vyuma viseme."
Boneti juu. Tochi. Kioo kidogo cha daktari wa meno.
"Namba iko wapi?"

Joto la tabo lilikuwa limeila stika,
limebaki gamba la kijivu, kama ukoko wa sufuria.
Nikatoa risiti. Hakuipokea.
"Risiti ni yako. Namba ni ya chuma."
Mficha uchi hazai, najua;
mimi sikuficha, nimefichiwa.

Akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa,
akasugua taratibu, kama anayemnawisha mtoto usingizini.
Ikatokea herufi. Ikatokea sita. Ikatokea sifuri.
Ya mwisho ikagoma.
"Ikiwa tatu," akasema, "ni gari hili.
Ikiwa nane, ni lori."
Akaitazama kwa miwani ya machoni,
akashusha ya kipajini, akaitazama tena.
Nje mtu akapiga honi; foleni ilikuwa imefika barabarani.
Akaandika tatu.

"Umefaulu?" Itzel aliniuliza mlangoni,
mimi niliyeacha shule darasa la kumi,
ambaye sijawahi kuulizwa hivyo na mtu aliyetabasamu.
Cheti akakiweka kwenye friji,
kando ya imla ya Yaretzi, nane kwa kumi.

Usiku nilitoka na tochi, nikafungua boneti,
nikainama mpaka pua ikagusa chuma.
Nimeitazama hivi, nimeitazama vile.
Sijui.