Betri ya Saa

Wadi Kabir. Kiyoyozi kimekohoa, kikanyamaza.
Osiloskopu ya marehemu Sleyum iko chali mezani,
skrubu zake kumi na moja kwenye kisahani cha kahawa.

Betri imetoa chumvi pembeni.
Volti mbili na nukta moja: hoi,
lakini bado imeshikilia
namba alizozipima Sleyum mwenyewe
mwaka ule kabla ya figo.
Nikiing'oa hivihivi, zinamfuata.

Basi naiazimia uhai, betri ya pili kwa nyaya mbili,
nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi,
ndipo chuma cha kulehemu kiguse risasi.
Sipumui.
Rayya mlangoni: "Nikutilie chai?"
Nanyanyua kidole tu.

Imetoka. Mpya imekaa. Nawasha.
Mstari wa kijani unatetema, unanyooka,
na namba zake zote zipo, hata ile aliyoikosea.
Siirekebishi.

Saa tu ndiyo iko nyuma, dakika arubaini.
Naiandikia kumi na tatu kamili, kama inavyotaka.
"Saa ngapi sasa?" anauliza Rayya.
Saa saba, namjibu,
kwa hesabu ya Sleyum, aliyekuwa akikipima kila kitu kwa kioo hiki
isipokuwa mchana wake.